Taa, Redio, Simu

Mama yangu alipika kwa kuni mbichi kwa zaidi ya miaka thelathini. Alianza katika makazi ya wakimbizi huko Karagwe, ambako mimi nilizaliwa, akaendelea hapa Gisenyi tuliporudi, kuni zikageuka makaa na mafiga yakageuka jiko la bati. Moshi haukugeuka. Leo analala katika chumba cha mbele cha nyumba yangu. Mrija mwembamba umepita nyuma ya masikio yake na kuingia puani, na kando ya kitanda mashine ya oksijeni inanguruma kutwa, kama mtu anayesaga mahindi nyumba ya pili.

Mashine hiyo tunaificha. Niliishonea pazia la kitenge, kwa amri yake. Mgeni akibisha, mama huuvua mrija, huusukuma chini ya mto, hujitanda mtandio vizuri na kukaa wima. Anaweza kukaa hivyo kwa robo saa. Huuliza habari za watoto, husikiliza zaidi kuliko anavyosema, hutabasamu. Mgeni akishaaga na kufika langoni, mimi hukimbia na mrija mkononi, kwa sababu midomo yake imeshaanza kuwa na rangi ya zambarau. Ndivyo alivyolelewa: ukiulizwa hali, unajibu kwamba mpo, mnaendelea, na undani unabaki ndani. Nimeishi na adabu hiyo maisha yangu yote na sikuwahi kuihesabu kuwa hatari.

Naandika nikiwa na hasira, na ni haki msomaji alijue hilo tangu mwanzo. Lakini sijawahi kulikasirikia jua.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Mradi ulipokuja katika mudugudu wetu, yaani hiki kijiji kidogo cha nyumba za mawe meusi ya volkano kinachopanda kuelekea Nyundo, niliupokea kama mtu anayeiona ndoto ya darasani ikipita barabarani. Kila paa lingewekwa paneli za jua. Kila nyumba ingepewa betri, itundikwe ukutani. Kwenye njia panda kingejengwa kituo cha kuchajia pikipiki za umeme, kisha vyote, mapaa, betri za nyumbani na betri za pikipiki, viunganishwe na gridi ya taifa, vipeane umeme kadiri kila upande unavyouhitaji. Mchana paa langu lingemlisha dereva wa pikipiki. Jioni betri za akiba pale kituoni zingeziwashia nyumba taa. Gridi ikielemewa, mtaa mzima ungeibeba kidogo. Kompyuta iliyoko Kigali ndiyo ingeamua nani ampe nani, na saa ngapi. Niliwachorea wanafunzi wangu mchoro huo ubaoni kwa chaki za rangi tatu. Hadi leo naamini kwamba mchoro ule ni sahihi.

Nililofanya baadaye ndilo linaloniuma. Mkataba wa kampuni yenye mradi uliletwa kwa Kiingereza na Kifaransa, na mimi ndiye niliyesimama mbele ya majirani kuueleza kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili. Nilikisoma kwa sauti yangu mwenyewe kifungu kinachosema kampuni inaweza kuchota betri ya nyumba mpaka ibaki sehemu moja ya tano, na kwamba akiba hiyo itafungwa, isipokuwa kwa nyumba yenye kifaa cha kulinda uhai. Niliwaambia wasiogope. Jirani mmoja aliuliza, "Sasa betri ikiwa ukutani kwangu na ufunguo uko Kigali, hiyo ni betri yangu ama ni mpangaji?" Watu wakacheka. Nami nilicheka, nikamjibu kwa mfano wa ng'ombe wa ushirika. Kisha mtungi wa oksijeni tuliokuwa tumekodi kwa dharura nikaurudisha, kwa sababu betri sasa ilikuwapo na mtungi ulikuwa ukiniziba njia ya jikoni.

Fomu za kuorodhesha vifaa vya kila nyumba zilijazwa nikiwa Kigali kwa majuma mawili, nikisahihisha mitihani. Niliporudi, mkuu wa mudugudu alinipungia mkono kutoka dukani kwake. "Yote iliisha, mwalimu! Tuko ba kwanza mu secteur!" Nilimpongeza kwa kuwa wa kwanza katika tarafa. Sikuuliza fomu yangu ilisema nini. Mtu aliyewafundisha watoto wa wenzake kukagua fyuzi kabla ya kuwasha kitu hakukagua karatasi moja.

Kwa miezi kadhaa kila kitu kilikwenda vizuri. Gridi ilikatika mara nne au tano, na mara zote betri ilishika nafasi yake kimya kimya. Mama hata hakujua.

Kisha ikaja siku ile ya masika. Asubuhi yote mawingu yalikuwa yamelala juu ya ziwa lililo chini yetu, paneli hazikupata kitu. Ilikuwa siku ya soko kubwa mpakani, pikipiki zilipanda na kushuka tangu alfajiri, zikarudi kituoni kuchaji, zikashuka tena. Saa nane mchana mvua ilianza. Saa tisa kasoro robo, radi ilipiga mahali fulani upande wa Nyakiriba na umeme wa gridi ukaondoka. Nilikuwa jikoni nachambua mboga za dodo. Nilingoja ule mlio mdogo wa betri kupokea kazi. Badala yake nikaisikia mashine ya mama ikipiga kelele, sauti moja kali isiyopumzika.

Kisanduku cha ukutani kilikuwa na taa nyekundu. Betri ilikuwa imebaki na ile sehemu moja ya tano, na imefungwa. Umeme wa jana wa paa langu ulikuwa umekwenda mjini kwa magurudumu mawili.

Nilipiga simu ya huduma. Aliyeipokea alikuwa kijana mwenye sauti safi, ya mtu aliyefunzwa kutokasirika.

"Mama, nyumba yako naiona hapa. Mfumo unafanya kazi vizuri."

"Mfumo unafanya kazi vizuri na mama yangu anakosa pumzi. Nifungulie akiba."

"Pole sana, mama. Kwenye fomu yenu nasoma taa, redio na simu. Hakuna kifaa cha kulinda uhai."

"Kipo. Kinapiga kelele nyuma yangu. Hukisikii?"

"Nakisikia, mama. Ila hakipo kwenye fomu."

"Basi kiandike sasa."

"Fomu mpya inasainiwa na mkuu wa mudugudu, halafu fundi anakuja kukagua. Ni ndani ya siku saba za kazi."

"Mwanangu," nilimwambia, "wewe una mama?"

"Ninaye."

"Yeye anapumua kwa siku zipi? Za kazi, au hata Jumapili?"

"Mama, naomba uniwie radhi. Sina ruhusa ya kufungua."

Nilikata simu. Sikumchukia yule kijana, na hilo lilinikera zaidi, kwa maana hasira yangu ilikuwa imenyimwa mtu wa kumkamata. Mama alikuwa amekaa pembeni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, mabega yakipanda na kushuka. Alinionyesha kwa kidole kwamba nifunge mlango, watu wasimwone. Hata wakati ule! Nikaufungua mlango wote, nikaita.

Aliyekuja ni jirani wa ng'ambo ya barabara, baba wa watoto watatu, dereva wa pikipiki ya umeme. Alikuja ameloa, kofia ngumu bado kichwani.

"Mwalimu, tupeleke mukecuru, muzee wetu, hospitali? Mi nitaendesha pole."

"Kwenye mvua hii, bila hewa, juu ya pikipiki? Atafika amekufa. Nishikie mwanga wa simu."

Nilichukua bisibisi kwenye droo ya vijiko. Kisanduku kilikuwa na mlango mdogo wa chini, na mlango huo ulikuwa na lakiri ya kampuni, waya mwembamba uliobanwa kwa kipande cha risasi. Nyuma yake, nilijua kutokana na mchoro, kulikuwa na swichi ya mkono inayoitenga nyumba na mfumo na kuiachia betri nzima. Mafundi huitumia wakati wa matengenezo.

"Mwalimu," jirani alisema, "hii kitu banakatazaka kugusa. Batakufunga."

"Shika mwanga."

"Nashika. Lakini mi sione kitu. Nimefunga macho, nashika tu mwanga." Kisha, kwa sauti ya chini: "Pikipiki yangu njo ilikunywa umeme yenu leo, mwalimu. Nilichaji mara mbili. Sikujua."

"Ungejuaje?" nilimwambia. Lakiri ikakatika.

Swichi ilikuwa ngumu, niliisukuma kwa viganja viwili. Mashine ikakohoa, ikanyamaza, ikaanza kunguruma. Nilimvisha mama mrija. Jirani aligeuka akatazama ukuta, ili mama asione kwamba ameonwa, na wema huo mdogo sitausahau. Gridi ilirudi saa kumi na moja na nusu. Akiba iliyokuwa imefungwa kwa faida ya mfumo ilikuwa imetutosha.

Siku mbili baadaye nilipata barua. Ilisema kwamba nimevunja lakiri, kwamba nimehatarisha usalama wa mtandao, na kwamba nyumba yangu imeondolewa katika mfumo hadi ukaguzi ufanyike. Maana yake paneli zilizokuwa juu ya paa langu zilizimwa kutoka mbali, na betri haikuchajiwa tena. Nilitoka nje nikazitazama. Jua la saa nne lilikuwa likizipiga, zinang'aa, hazifanyi chochote. Ndani mama alikuwa akipumua kwa umeme wa gridi peke yake, bila kinga yoyote, na mawingu yalikuwa yakijikusanya tena juu ya ziwa.

Nilishuka hadi dukani kwa mkuu wa mudugudu nikiwa na barua mkononi. Ni mtu mpole, aliyerudi kutoka Goma na familia yake, anauza vitenge na sabuni. Aliponiona aliondoa jora kwenye kiti.

"Mama mwalimu, ikala. Bon, nimesikia ulivunja kasha."

"Nani aliijaza fomu ya nyumba yangu?"

"Mimi mwenyewe. Na za batu bote. Siku moja, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja."

"Siku moja?"

"Mwezi ya sita ilikuwa inaisha, mwalimu! Imihigo, ahadi zetu kwa serikali, iko mu mulango. Niliahidi mudugudu yote itaunganishwa mbele ya mwisho ya mwezi. Nikiandika nyumba moja moja, ningemaliza Noeli." Alifungua droo, akatoa rundo la nakala. Zote zilikuwa kwa mwandiko mmoja, wa kalamu ya bluu, wa mtu mwenye haraka. Taa, redio, simu. Taa, redio, simu. Fundi cherehani mwenye mashine mbili za umeme: taa, redio, simu. Mama wa kiosk mwenye friji ya maziwa: taa, redio, simu.

"Hukuuliza watu?"

Aliumia. Niliona wazi kwamba ameumia. "Niliuliza! Tulikala pale ku lupango yenu, ku uwanja ya nyumba, baada ya kazi. Nikasimama mbele ya batu bote, nikasema kwa sauti: nani iko na mashini ya hospitali mu nyumba? Kimya. Nikageukia mama yako, alikuwa amekala ku kiti mbele, muzuri kabisa. Nikamuuliza: mukecuru, kwenu iko sawa? Akajibu: sisi wazima, ni taa, na redio ya misa, na simu ya mwanangu. Donc nikaandika. Na kwa wengine nikaandika vile vile, sababu hakuna mutu alisema ingine."

Ile robo saa. Mama alikuwa ameitumia robo saa yake pale kitini, mbele ya mudugudu mzima, bila mrija.

"Ulimuuliza mgonjwa mbele ya watu wote," nilisema, "ukategemea akujibu?"

Alianza kupanga nakala zake, pembe kwa pembe. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Bibi yangu, mama ya batoto, iko na sukari. Sindano zake zinakala mu frigo. Hata mi sikuandika." Akavuta karatasi moja katikati ya rundo, akanionyesha. Nyumba yake mwenyewe: taa, redio, simu.

Nilipanda mlima kurudi nyumbani. Sikumbuki niliokutana nao njiani.

Nyumbani tunasema Kinyarwanda, lakini tukigombana mimi na mama hurudi kwenye Kiswahili cha Karagwe, labda kwa sababu ndicho tulichokuwa nacho wakati hatukuwa na kitu kingine. Nilisimama mlangoni pa chumba chake.

"Mama, wewe ndiye uliyesema taa, redio na simu?"

"Ndimi."

"Ulitaka kufa?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Mashine hii inakuweka hai. Ulikuwa umekaa mbele ya mtu mwenye kalamu, ungesema neno moja tu."

"Niseme nini mbele ya watu? Kwamba binti yangu amenifunga kwenye waya kama mbuzi?"

"Ndiyo! Hata hivyo! Ungesema hata hivyo!"

Alivuta pumzi kupitia mrija, mara mbili, tatu. Siku hizi lazima ajiwekee pumzi kabla ya kusema jambo refu. "Wewe umesoma. Unaamini mtu akija na karatasi, anakuja kukupa. Mimi nimeandikwa mara nyingi katika maisha yangu. Aliyeandikwa mgonjwa kule makazini hakupewa shamba. Aliyeandikwa kabila lake hapa, kabla hatujakimbia, unajua alivyofanywa. Orodha haijawahi kuja mlangoni kwangu ikiniletea kitu chema. Mtu akiniuliza kwa kalamu mkononi, jibu langu ni moja. Sisi wazima."

Hasira yangu haikuisha, ilihama. Ilimwacha mama, ikamwacha hata yule mkuu wa mudugudu na vitenge vyake, ikapanda hadi mahali ambako watu waliosoma kama mimi walikaa mezani wakachora mchoro mzuri, wakapima volti na ampea na kivuli cha kila mti, wakaacha nafasi moja tupu yenye kichwa "vifaa muhimu", wakadhani kwamba nafasi hiyo itajijaza. Hawakuuliza ni nani atakayeuliza, wala wapi, wala mbele ya nani. Mtu angekuja nyumba kwa nyumba, akae, anywe chai, asubiri hadi mwenye nyumba amwamini. Kazi hiyo haikuwamo katika mradi. Hakuna aliyeiona kuwa ni sehemu ya umeme. Na mimi niliyeijua robo saa ya mama yangu kuliko yeyote, niliyekuwa na chaki tatu mkononi, sikuiona pia.

Mhandisi wa kampuni alikuja Jumamosi ya mwisho ya mwezi, baada ya umuganda, kuwaeleza watu, pale uwanjani kwetu, hatari ya kuvunja lakiri. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Kurasa tatu. Asubuhi mama aliniona nikiisoma, akaniambia niiweke.

"Mwite yule wa pikipiki. Abebe mashine."

"Aibebe kwenda wapi?"

"Nje. Na kiti changu."

Tulivuta kebo kutoka soketi ya sebuleni, ikapita dirishani, ikavuka majani hadi mbele ya mkutano. Watu walikuwa bado na majembe na miguu yenye matope. Mama alitembea polepole, mrija puani, ameushikilia mkono wangu, mtandio ameutanda vizuri kama anaenda misa ya Nyundo. Alikaa. Mhandisi alikuwa katikati ya sentensi kuhusu usalama. Mashine ikanguruma, na watu wote wakaisikia, wengi kwa mara ya kwanza, ingawa ilikuwa ikinguruma miaka miwili hatua ishirini kutoka milango yao. Mwanamke mmoja alifunika mdomo. Nyuma kabisa mtu alicheka, akanyamazishwa.

"Una kalamu?" mama alimuuliza mhandisi.

"Ninayo, mama, lakini utaratibu ni kwamba fomu—"

"Andika."

"Mukecuru, baada ya mkutano tutaweza—"

"Mimi pumzi zangu ni chache, mwanangu, usinipotezee. Andika kwanza, utaratibu utakukuta ukiandika. Mashine ya kupumulia. Moja. Ni yangu." Akapumzika, mabega yakipanda. Kisha akaongeza, kwa sauti ambayo ilikuwa karibu ya kuchokoza, "Na taa, na redio, na simu."

Mhandisi aliandika. Nilimtazama mkuu wa mudugudu. Alikuwa akikwangua tope kwenye jembe lake kwa kijiti, kwa uangalifu mkubwa, na hakuinua uso. Fundi cherehani alifungua mdomo, akaufunga. Hakuna mtu mwingine aliyesema kitu siku ile. Nilikuwa nimetarajia kwamba watafuata, mmoja mmoja. Walichukua majembe yao, wakamsalimu mama kwa mikono miwili, wakaenda.

Alasiri ile fundi alikuja kukagua. Aliiona mashine, akaingiza nyumba yetu kwenye kundi linalostahili, akawasha paneli. Akiba ya betri sasa ni ya mama. Pazia la kitenge bado lipo, na wageni wakija mama bado huuvua mrija. Nilimuuliza kwa nini, baada ya yote yale. Alisema mkutano ni mkutano, na mgeni ni mgeni.

Nimeukodi tena mtungi, umeniziba njia ya jikoni. Bisibisi sikuirudisha kwenye droo ya vijiko. Nimepigilia msumari kando ya kisanduku na kuitundika hapo, mahali ambapo kila aingiaye ataiona. Fundi aliiona alipokuwa akibana lakiri mpya. Aliitazama, akanitazama, akamaliza kazi yake.